Siku Mama Povu Alipofua Hadi Ushahidi

Mama Povu alipokuwa akipiga shuka kwenye jiwe, kuku wa mtaa wa pili walikimbilia ndani wakidhani ni radi. Huo si uongo, na kama ni uongo basi ni mdogo, wa kubebeka mkononi. Mikono yake ililowa sabuni miaka na miaka hata nzi akitua juu yake anateleza, na ukipeana naye mkono msibani unarudi nyumbani umetakata mpaka kwenye kiwiko. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, tena liliandikwa kwenye kitambulisho, ila kitambulisho chenyewe alikisahau kwenye mfuko wa gauni akakifua, jina likafutika, na tangu hapo hakuna aliyehangaika kulitafuta.

Kazi yake ilikuwa kufua shuka za wagonjwa waliolala majumbani. Nasema za wale ambao hawawezi tena kujiinua kwenda msalani: mzee aliyepooza upande, bibi ambaye mifupa yake imemgomea, kijana aliyeanguka kutoka juu ya jengo akavunjika kiuno. Aliyewahi kuuguza anaelewa. Shuka moja ya mgonjwa inakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na kabla haijakauka ya pili imeshaita.

Alianza kwa mumewe. Baba watoto alipoanguka kitandani, mwanzoni nyumba ilijaa marafiki, wenzake wa kucheza karata. Kisha harufu ikaingia, na urafiki ukaanza kutorokea dirishani. Kwanza wakawa wanasimama mlangoni badala ya kuketi. Halafu wakawa wanasalimia wakiwa barabarani, shingo ndefu kama twiga. Mwisho wakatuma salamu. Mumewe akawa anakitazama kile kiti kando ya kitanda siku nzima, kana kwamba kiti ndicho kinachoumwa.

Mama Povu akakasirika. Akachemsha maji, akafua, akaanika juani mpaka shuka zikanukia jua lenyewe, akatandika, kisha akaenda kumkamata mcheza karata wa kwanza kwa ukosi wa shati. "Njoo unuse," akamwambia. Yule bwana akanusa, akaketi, akakata karata. Kesho yake wakawa wamerudi wote. Mumewe alikufa baadaye, ndiyo, lakini alikufa akiwa anaongoza mchezo, na wenzake mpaka leo wanalalamika kwamba alikimbia na zamu yao.

"Ugonjwa hauui peke yake, shoga," Mama Povu alimwambia jirani yake siku ya matanga. "Unasaidiwa na kiti kitupu."

Jirani huyo ndiye Redio, mwanamke aliyetangaza mimba za watu kabla wenyewe hawajazijua. Yeye akawa wa pili Mama Povu alipoanza kuwafulia na wagonjwa wa nyumba nyingine, ndipo kikawa kikundi. Wa tatu alikuwa Kimya, ambaye walimfanya mweka hazina kwa sababu hata ukimuuliza saa hakuambii.

Walikuwa na mtindo wao wa kazi, na mtindo huo ndio kisa chenyewe, kwa hiyo usinipite haraka. Kila nyumba walipewa rangi. Uzi mfupi ulishonwa kwenye pindo la shuka, mwekundu, wa kijani, wa njano, shuka zisije zikachanganyika. Na jina la nyumba halikutajwa kamwe. Waliingia kwa mlango wa nyuma wakatoka kwa mlango wa nyuma, furushi kichwani, kama watu waliotoka sokoni. Hata wao kwa wao walisema, "Kijani leo kaamka vizuri," au, "Njano anataka shuka ya akiba." Redio naye, pamoja na mdomo wake wote, kwenye jambo hili alifunga kama benki siku ya Jumapili. Kwani nani anataka mtaa ujue kwamba baba mtu mzima analowesha kitanda?

Na ulikuwepo uzi wa zambarau. Huo ulikuwa wa nyumba ya Mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa suti na tumbo, na vyote viwili vilitangulia kufika mahali kabla yake. Baba yake mzazi alikuwa amelala chumba cha uani, hajihisi kuanzia kiunoni kushuka chini, lakini mtaa uliambiwa mzee amehamia kwa binti yake, mbali huko. Alfajiri mke wa Mwenyekiti alifungua mlango wa nyuma na kumpa Mama Povu furushi bila kusema neno. Mchana Mwenyekiti akipita kwenye kamba za akina mama wale, anafunika pua kwa leso na kusema kwa sauti, "Ah, wafua mikojo! Mtaa wangu mmeugeuza choo!" Leso yenyewe, kwa taarifa yako, nayo iliwahi kuja ndani ya furushi la zambarau.

Mama Povu alikuwa akimjibu, "Shikamoo, Mwenyekiti," na kuendelea kukamua.

Walifulia uani kwa Fundi Mashine, mwenye mashine ya kusaga nafaka, kwa sababu pale palikuwa na bomba na mteremko wa kupeleka maji. Unga ulipeperuka ukatua kwenye shuka mbichi, na kulikuwa na siku ambazo shuka zilikauka zimesimama wima zenyewe kama askari, wanga wa bure kabisa. Fundi Mashine alikuwa mtu mwema. Ndiyo maana alipokuja siku hiyo, kofia mkononi, unga mpaka kwenye kope, Mama Povu alijua kuna baya.

"Mama, usinikasirikie. Nimepata mashine ya pili. Mvua zikianza nataka niwe nimeshaezeka hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa ulipokaa."

"Na sisi?"

"Ndiyo nakuambia mapema, mama yangu. Jambo hili limeninyima usingizi."

"Usingizi umenyimwa na mashine yako, usinisingizie mimi," akasema Mama Povu, lakini beseni lilikuwa limeshamtoka mkononi.

Wakatafuta mahali pengine. Mtaa mzima ulikuwa na viwanja, lakini kila mwenye kiwanja aliposikia maneno "shuka za wagonjwa", alikumbuka ghafla kwamba alishamwahidi mpwa wake. Sijawahi kuona mtaa wenye wapwa wengi hivyo. Mganga wa zahanati peke yake ndiye aliyesema, "Nina kona nyuma ya ghala. Tupu, ina mawe na mbuzi wa watu. Mkileta jengo, kona ni yenu, na nitaandika." Kona wakapata. Jengo ndilo halikuwepo, na bila jengo mvua zingekuta shuka zimelowa, zikae zimelowa, na vile viti vyote walivyovijaza vianze kuwa vitupu tena.

Hapo ndipo akaingia mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi duka la kuchapa na kutoa nakala.

"Mama, kuna wakfu."

"Wakfu gani, wa kununua sanda?"

"Wa familia. Yule mzee aliyekuwa na kinu cha mafuta ya alizeti, si alikufa? Aliacha wosia, sehemu ya faida isaidie vikundi vya mkoa huu. Watoto na wajukuu zake wanakaa kikao, wanasoma maombi, wanachagua."

"Basi twende tukawalilie."

"Hawataki kilio, mama. Wanataka maombi. Tena si ya mtu mmoja, ni ya kikundi kilichosajiliwa."

"Sisi tumesajiliwa na Mungu na sabuni."

"Basi Mungu na sabuni wagonge muhuri," akasema mkwe, na Mama Povu akacheka, kwa sababu mkwe mwenye ulimi ni mali.

Usajili ukawatoa jasho ambalo jiwe la kufulia halikuwahi kuwatoa. Walitakiwa kuwa na katiba, wakaandika katiba, na kifungu cha kwanza kikasema mwanachama asiseme alichokiona. Walitakiwa kuwa na akaunti ya benki ambayo pesa haitoki mpaka watu wawili watie sahihi. Kimya akafanya mazoezi ya sahihi yake mchana kutwa mpaka ikawa nzuri kuliko ya karani. Mwisho walitakiwa kuwa na barua ya Mwenyekiti wa mtaa.

"Wafua mikojo mnataka wafadhili!" Mwenyekiti akacheka hadi kiti kikalia. "Mtawaambia mnafanya nini?"

"Tunachofanya," akajibu Mama Povu.

Wakatazamana. Katikati yao, hewani, ulining'inia uzi mdogo wa zambarau, wote wawili wakauona na hakuna aliyeugusa. Mwenyekiti akapiga muhuri kwa nguvu hata meza ya jirani ikatikisika.

Wakfu waliita vikundi vyote siku moja ofisini kwao ili vielezwe. Ofisi ilikuwa ile nyumba ya zamani ya mzee wa mafuta, ukuta bado unanukia alizeti. Afisa wa wakfu, mwanamama mwenye miwani na viatu vya kutembelea, alisimama mbele akasema mambo ambayo Mama Povu aliyashika kwa namna yake. Tunafadhili vikundi vya hapa mkoani tu, msituletee binamu zenu wa ng'ambo. Andikeni kwanza maelezo mafupi, tukipenda tutawaita. Semeni mnafanya nini sasa hivi, kabla ya pesa yetu, maana pesa haianzishi mguu, inauvika kiatu. Semeni nanyi mtaleta nini. Semeni mtajuaje kwamba mmefaulu. Na tutakuja kuwaona.

Mama Povu akanyoosha mkono. "Mwanangu, mtu akiomba kidogo mnamwona mjinga?"

"Akiomba kinachomtosha, mama, tunamwona anajua kazi yake."

Redio hakulisikia hilo, alikuwa akimtangazia jirani habari za jirani mwingine. Jioni yake akaja na maombi aliyoyaota mwenyewe: gari lenye kipaza sauti, sare za kitenge, semina hotelini, na safari ya kwenda kujifunza jinsi wenzetu wa nchi za mbali wanavyofua.

"Wanafua kwa maji," akasema Mama Povu. "Futa."

"Hata sare, shoga?"

"Dada yangu," mkwe akamwambia Redio kwa upole, "ukiomba ngamia watakuuliza utamlisha nini."

Wakaomba paa, sakafu yenye mteremko, tangi la maji, jiko la kuchemshia, na kamba za kuanikia chini ya paa. Upande wa mchango wakaandika kona ya zahanati, mikono ya watu watatu, na mawe ya kufulia ambayo tayari walikuwa nayo. Kwenye kuulizwa watajuaje kama wamefaulu, mkwe alikuna kichwa kwa muda mrefu, na Mama Povu akasema bila kuinua macho kwenye beseni: "Andika, tutahesabu viti vilivyokaliwa."

Halafu wakafika mahali palipotaka majina ya wanufaika.

"Hapo andika rangi," akasema Mama Povu.

"Mama, watatuona wehu."

"Waone. Andika Nyekundu. Andika Kijani. Andika Njano, na Chungwa, na Bluu, na Waridi. Andika Zambarau."

Maombi yakaenda hivyo hivyo, yamejaa rangi kama duka la nyuzi. Jibu likarudi: familia imevutiwa, lakini haijaelewa hizo rangi. Watakuja kutazama.

Sasa msikilizaji mwenye akili atasema, vizuri, wageni waje wakute kazi. Lakini hao walikuwa wafuaji. Mfuaji akiambiwa mgeni anakuja, anafanya nini? Anasafisha! Walifua kila kilichokuwa kichafu, wakakausha, wakapiga pasi, wakarudisha kila shuka nyumbani kwake. Wakasugua mabeseni. Wakasugua jiwe hadi likawa kama halijawahi kuguswa na kiumbe. Majivu wakazoa, mitaro wakamwagia chokaa. Redio akaona kamba zinachafua mandhari, wakazifungua, na kwa kuwa zilikuwa na vumbi, nazo wakazifua. Mwisho wakatandika kitambaa mezani na kuweka maua ya plastiki kwenye kopo, yameoshwa. Mama Povu akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akatazama ua lililong'aa tupu kama sahani iliyorambwa, akasema, "Sasa waje."

Wakaja. Alikuja Afisa, na pamoja naye Kitindamimba, binti wa mwisho wa marehemu mzee wa mafuta, mama mtu mzima mwenye fimbo na sauti kavu, aliyeongoza kikao cha familia. Mwenyekiti naye alikuwepo na suti yake, maana palipo na gari la wageni hakosi.

Kitindamimba akazunguka ua mara moja, fimbo tok, tok.

"Mnafulia wapi?"

"Hapa," akasema Mama Povu kwa fahari.

"Nguo ziko wapi?"

"Tumezirudisha kwa wenyewe."

"Zinaanikwa wapi?"

"Kwenye kamba."

"Kamba ziko wapi?"

"Tumezifua."

Kitindamimba akamtazama Afisa. Afisa akavua miwani, na ilionekana hakupenda alichotaka kusema. "Mama, unisamehe. Juzi tulitembelea kikundi chenye bango zuri, muhuri mzuri, na chumba kisafi kama hapa. Kumbe kilikuwa kinaishi ndani ya mkoba wa mtu mmoja. Hapa naona jiwe halina hata alama ya sabuni. Nitawaambiaje wenzangu kwamba ninyi si wa mkobani?"

Ndipo Mama Povu akaelewa walichokifanya. Walifua, wakafua, mpaka wakaufua na ushahidi.

"Mwenyekiti," akasema Kitindamimba, "wewe ndiye mwenye mtaa. Unawajua wanaofuliwa na hawa?"

Mwenyekiti akatoa leso, akaikunja, akaikunjua. "Kuwafahamu, nawafahamu kama majirani. Ila mtu wa kufuliwa, kwa macho yangu mimi, sijamwona."

Neno likampanda Mama Povu kama kwikwi. Zambarau. Lilipanda kifuani, likafika kooni, likakaa nyuma ya meno likigonga hodi. Angelitema tu na yote yangekwisha: chumba cha uani kile pale, nyumba ya tatu, twendeni. Lakini alimwona yule mzee, alfajiri ile ile alipoingia kumtandikia, akivutiwa shuka safi hadi kidevuni, akipiga mluzi wa furaha kama mtoto, kisha akiuliza polepole, "Mwanangu bado anaona haya?" Alikuwa amemjibu, "Atakua, baba." Akalimeza neno. Lilikuwa na miiba, likashuka nayo.

"Tupe jina moja tu, mama," Afisa akasihi. "Nyumba moja tubishe hodi."

"Majina sina, mwanangu. Nina rangi."

"Basi itakuwa vigumu."

"Iwe vigumu. Mimi huanika shuka, sianiki watu. Nikijengewa nyumba ya kufulia kwa kumvua mtu nguo hadharani, humo ndani nitafua nini? Karibuni chai, kisha mwende kwa amani."

Fimbo ya Kitindamimba iliacha kugonga.

Kimya akamimina chai. Ndipo Mama Povu akagundua kikombe kimoja hakina mtu. Redio hakuwepo.

Sauti yake ndiyo iliyotangulia kurudi. Wanasema mayai ya mtaa ule yalipasuka siku hiyo, na mengine yalitotoa kabla ya wakati. Fundi Mashine alizima mashine yake apate kusikia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mkewe alipokuwa na uchungu wa kuzaa.

"Enyi wenye shuka! Wageni wako kwa mashine wanasema sisi hatufui! Simtaji mtu, na sitamtaja! Mwenye shuka anajijua! Anayetaka atoe rangi yake nje ionekane! Asiyetaka alale nayo salama, hatumdai, kesho tutamfulia kama kawaida!"

Hakuna aliyetoka. Si mtu, si kuku. Mama Povu akatazama mtaa kupitia uwazi wa ukuta akawaza, hawatatoka. Na wana haki. Nani atatoka na aibu yake mchana?

Mlango ukalia. Mke wa fundi viatu akatoka kwake na shuka begani, akaitupa juu ya ua wa nyumba yake, akavuta pindo lionekane. Uzi wa njano.

"Mama mkwe wangu," akasema kwa mtaa mzima, kidevu juu. "Ana umri mkubwa na ananukia jua. Mwenye neno aseme."

Dirisha la pili likafunguka, shuka ikaning'inia, uzi mwekundu. Halafu ng'ambo, wa kijani. Halafu nyumba ambayo hata Redio hakuwahi kuipigia hodi ya umbea, wa bluu. Kijana aliyevunjika kiuno akatokea kwenye kiti chake cha magurudumu, anakisukuma mwenyewe katikati ya barabara, shuka imekunjwa mapajani.

"Chungwa ndiye mimi!" akapaza.

"Hee! Kumbe wewe ndiye Chungwa?" akasema mke wa fundi viatu. "Mimi ni Njano!"

"Njano! Tumekuwa majirani wa kamba muda wote huo?"

Watu wakaanza kujulishana kwa rangi kama ndugu waliopotezana. Walicheka, wengine machozi yaliwatoka wakiwa wanacheka, kila rangi ikatoa na shuka zake za akiba, uani, madirishani, juu ya mapipa, mtaa ukawa mweupe mpaka kunguru wakazunguka juu wakidhani mawingu yameshuka kupumzika.

Kitindamimba alisimama getini, mkono mdomoni. Afisa alikuwa ameshika pindo moja baada ya jingine, akisoma nyuzi na kuitikia kwa kichwa: ndiyo, ndiyo, hii nayo imo kwenye maombi.

Akafika mwisho. "Zimebaki mbili," akasema polepole. "Waridi na Zambarau."

"Waridi alitutoka mwezi jana," akasema Mama Povu. "Kwenye shuka safi."

Kuhusu Zambarau hakuulizwa mtu. Mama Povu aliangalia chini, hasa, jicho lake lisije likaelekea mahali. Lakini mlango mmoja ulifunguka, tena wa mbele, na mke wa Mwenyekiti akatoka. Alikuja na shuka mikononi hadi pale alipo mumewe. Akashika ncha mbili za shuka, akamnyooshea mumewe nyingine mbili, kama mtu anayeomba kusaidiwa kukunja, na akasubiri.

Jasho lilimtoka Mwenyekiti kwenye suti ile hata mtu angeweza kufulia. Alitazama wageni, akatazama mtaa. Akaitazama leso yake, akaiweka mfukoni. Kisha akashika zile ncha mbili, na shuka ikafunguka katikati yao kama mlango.

"Ni ya baba," akasema, sauti imekwaruza. "Hakuhama. Yuko uani kwangu. Baba yangu ndiye Zambarau. Na hawa mama wamemfulia huku nikiwatukana, na hawakunisema. Hata leo hawakunisema."

Watu hawakujua kama wacheke au walie. Ndipo ikasikika sauti ngeni, nyembamba, ambayo wengi hawakuwahi kuisikia maishani. Alikuwa Kimya.

"Inyoosheni vizuri," akasema. "Itajikunja."

Mtaa ukalipuka. Redio akamkumbatia Kimya akilia, "Ana sauti! Jamani, ana sauti, na mimi sikuitangaza!"

Kitindamimba akangoja kicheko kipungue, kisha akamgeukia Mwenyekiti, si kwa ukali. "Ningependa kumsalimu mzee. Muulize mwenyewe kwanza, akikataa nitaelewa."

Mwenyekiti akaenda mbio, tumbo na yote. Akarudi akihema. "Anasema karibu sana. Ila..." Akasita. "Ila mle chumbani hamna kiti."

Mama Povu akainua macho. Alinyoosha mkono tu kuelekea viti vya wageni. Mwenyekiti akachukua kimoja, akakibeba begani mwenyewe, akapita nacho katikati ya mtaa chini ya shuka zote zile, suti imejikunja, na hakuna aliyemcheka. Akakiweka kando ya kitanda cha baba yake. Nje watu wakasikia mluzi, ule wa furaha, na baada yake sauti ya mzee ikimwambia binti wa mzee wa mafuta: "Kaa, mama, kaa. Unajua kucheza karata?"

Kikao cha familia kilipokaa, hawakubishana. Walitoa walichoombwa, paa, sakafu, tangi, jiko na kamba, na wakasema taarifa ya kazi wapelekewe kila baada ya muda, kwa rangi, hawahitaji majina. Kuna aliyetaka kuongeza gari. Mama Povu akarudisha jibu kwamba gari halifuliki. Redio hakumsemesha wiki nzima, au kama ilikuwa siku moja, kwa Redio ni sawa.

Jengo likasimama kwenye kona ya zahanati, na wale mbuzi wa watu wakahama kwa hasira. Fundi Mashine alikuja kuezeka mwenyewe siku za mapumziko yake, na Chungwa, akiwa kwenye kiti chake, ndiye aliyesimamia mafundi. Alijua majengo, na zaidi alijua mahali ambapo mtu asisimame. Mvua ya kwanza ilipofika, ilikuja na jeuri zake zote, ikapiga paa kama inadai mlango. Ndani shuka zilining'inia safu kwa safu, kavu, nyuzi zao zikichezacheza, na Mama Povu akatoka nje kwenye mvua makusudi, akaitazama juu, akaicheka mvua usoni.

Siku hiyo hiyo, mchana kweupe, Mwenyekiti akaja na furushi kichwani. Alipitia geti la mbele, akapita mbele ya foleni yote ya zahanati, anasalimia kushoto na kulia.

"Za nani hizi?" akauliza Mama Povu, uso mkavu.

"Mama Povu! Si unajua?"

"Mimi simjui mtu. Rangi?"

Foleni nzima ikageuka. Mwenyekiti akajaza kifua.

"Zambarau!" akapaza, hata ndani ya wodi wakasikia.

"Weka pale," akasema Mama Povu. "Na hiyo leso lete nayo, ina doa."